Upote wa Uta wa Baba

Andika polepole, Mwende, wala usiongeze maneno yako. Baba yangu alikuwa Mutua, mama yangu Kalondu. Nilizaliwa Kivaa, na shule sikuiona.

Mwanangu, ipo siku moja ambayo bado hunitetemesha. Nilikuwa msichana. Tulikuwa tukipigania maji na malisho na wafugaji wa ngamia, wao kwa bunduki, sisi kwa mishale ya sumu. Kila upande ulikuwa umeua. Maiti zililala kwenye mchanga wa mto mkavu, na hakuna aliyethubutu kuzifuata. Mmoja wa waliolala pale alikuwa kaka yangu.

Baba akasema atakwenda kuzungumza nao. Kwa desturi yetu, mpatanishi hufungua upote, ile kamba ya uta, mbele ya macho ya adui, na mwanamke humfuata na kibuyu cha maji. Mama alikuwa amelazwa na majonzi. Kibuyu nikabeba mimi.

"Mutua, ukifungua huo uta umetuuza!" kijana wetu mmoja alifoka kutoka kichakani. "Usirudi kwa njia hii."

"Njia hii niliifyeka mimi," baba akajibu, "wewe ukinyonya."

Tukashuka. Mbele bunduki, nyuma mishale ya wenzetu. Baba akafungua upote. Mzee wao akainua bunduki.

"Umekuja kuomba msamaha?"

"Hapana. Wala sikuja kukusamehe. Nimekuja tuzike."

Mzee akatazama kibuyu nilichobeba, kisha maiti mchangani. Kisha akatoa risasi bundukini, akaziweka chini, akapokea kibuyu.

Jioni ile kila upande ulizika watu wake. Maneno ya nani alianza yalikuja baadaye, tena machungu, lakini yalisemwa na watu walio hai.

Basi usingoje kumpenda adui ndipo uzungumze naye. Haki yako idai, ila usiidai kwa maiti nyingine. Na ujue kwamba mpatanishi huchukiwa kwanza na watu wake.

Juzi nilimsikia ndugu yako Muthiani akiulizia uta wa baba yangu, na si kwa ajili ya kuzungumza. Upote umo sandukuni mwangu. Kautunze nyumbani kwako, kule Syokimau. Najua anaweza kusokota mwingine, huu asiufunge. Umpe atakayekwenda kuzungumza.

Mungu akupe miguu isiyorudi nyuma hata moyo ukitetemeka. Sasa weka kalamu, uuchukue kabla Muthiani hajarudi.