Baridi ya Mawaleh na skrini ya Wattaya iliyosema hakuna baridi

Wakuu, salaam aleikum.

Haya nimeyaona kwa macho yangu, na chumvi sijatia. Yenyewe yalikuja na chumvi yake.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa fundi wa mtandao hapa Maskati, kampuni moja ya matunda na mboga. Jina nalihifadhi. Ofisi kuu Wattaya, vyumba vya baridi Mawaleh, karibu na soko.

Msimamizi wa vyumba alikuwa Bi Zuwena, mama wa makamo, wazee wake walitoka Tabora. Nje jua linachoma lami, yeye kavaa koti kama anahamia Ulaya.

Meneja wetu, Bwana Khalfan, akataka aione baridi ya Mawaleh kwenye skrini akiwa kitini kwake Wattaya. Tukakodi faiba, ule waya unaopitisha habari kwa mwanga, na kila upande likafungwa boksi la kisasa la kuunganisha mitandao miwili iwe kama mmoja. Mtaalamu aliyetuuzia akakata utepe.

Ndiyo, utepe. Wa boksi.

Sasa, mashine za baridi zilikuwa za kizamani, na kiwanda kilichoziunda kilijitungia utaratibu wake wa kutuma habari. Pakiti zake, yaani vifurushi vya habari, zilikuwa ndefu kupita kipimo cha kawaida. Boksi likiona pakiti ndefu, linaitupa. Halilalamiki, halimwambii mtu.

Skrini ya bosi, ikikosa habari, ikaandika: IMEZIMWA.

Akampigia Bi Zuwena, sauti juu, ofisi nzima tunasikia.

"Kwa nini umezima mashine?"

"Sijazima, Bwana Khalfan. Nimo ndani, meno yanagongana!"

"Skrini inasema imezimwa."

"Basi iambie ije ivae koti langu!"

Akapewa onyo. Kosa: kuzima mashine na kusema uongo. Mama wa watu alikuwa analea wajukuu, na ikavuma kwamba mwisho wa mwezi anaondoshwa.

Mimi nikafungua hesabu za boksi, nikakuta pakiti zinatupwa mfululizo. Nikamwendea mtaalamu.

"Pakiti za urefu huo hazipo kwenye standard," akanambia.

"Lakini zipo kwenye waya."

"Hazitakiwi kuwepo."

Nikapeleka habari kwa bosi. Akasema mtaalamu ana vyeti, mimi nna nini?

Mwishowe Bwana Khalfan akaenda Mawaleh mwenyewe kumfumania Bi Zuwena. Akaingia chumbani na kanzu yake nyepesi na makubadhi. Akanipigia kwa simu ya ukutani, mimi niko mbele ya skrini yake.

"Inasemaje?"

"Imezimwa, Bwana Khalfan."

Nasikia meno tu.

"Wallahi," akasema, "nadhani nna homa."

Wakuu, nilishindwa kucheka, nikashindwa kulia.

Bi Zuwena akamtoa nje, akamvika koti lake, akampa chai ya tangawizi. Alipopata joto akauliza kwa upole, "Yule fundi alisema nini kuhusu pakiti?"

Tukang'oa maboksi yenye akili, tukaweka viboksi vya kugeuza umeme kuwa mwanga na mwanga kuwa umeme, basi. Havipimi pakiti, havina rai. Skrini ikaanza kusoma baridi siku hiyo hiyo.

Kikao kikaitwa. Mtaalamu akapongezwa kwa "kukamilisha mradi". Onyo la Bi Zuwena likafutwa, kimyakimya.

Wiki iliyofuata Bi Zuwena akaaga, anaacha kazi. Bwana Khalfan akamsihi abaki, hata koti jipya akamuahidi.

"Baridi nimeizoea, mwanangu," akamjibu. "Kuambiwa siisikii ndiko kulikonishinda."

Akaenda kwa washindani wetu, mtaa wa pili. Wateja wengi wakamfuata.

Nilichojifunza: skrini ikibishana na mtu aliye chumbani, nenda chumbani. Na uende na koti.

Wenzangu wa mitandao, nani kakutana na boksi linalotupa lisichokielewa? Na wenye mabosi wa namna hii, mwageni yenu hapa. Majina tu msitaje.