Mama Chanuo Ampokea Mkwe kwa Kiingereza

Mama Chanuo alikuwa msusi, na jina hilo alilipata kwa sababu chanuo lake la mbao halikumtoka mkononi hata akiwa anachemsha chai. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe: kioo chenye ufa, mashine ya kukaushia nywele iliyonguruma kama lori linalopanda mlima, na benchi refu ambalo sisi wateja tulikaa tukingoja zamu zetu na kuwasengenya waliokwisha kuondoka.

Binti yake wa pekee alikuwa muuguzi ng'ambo, na hukohuko akaolewa na mwanamume wa kule, fundi bomba, ambaye Kiswahili chake chote kilikuwa neno moja: asante. Mama Chanuo hakuwa na ugomvi na ndoa. Ugomvi wake ulikuwa na ukalimani. Wakipigiana simu ya video, mkwe huzungumza weee, anacheka, anapunga mikono, kisha binti anageuka na kusema, "Anakusalimu."

"Salamu gani ndefu hivyo? Mengine umeyameza?"

"Ndivyo alivyosema, Mama."

Kwa hiyo binti alipotangaza kwamba watakuja kukaa wiki mbili, Mama Chanuo akaapa mbele ya benchi zima: mkwe wake atampokea mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe, mkalimani akae pembeni.

Mwalimu alipatikana palepale. Alikuwa mteja wetu mmoja aliyefundisha Kiingereza sekondari, mwenye nywele nzito za kuvunja vitana, ambaye kila Jumamosi alikalia kiti kile kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Wakakubaliana: huyu anasuka, yule anafundisha. Mwanzoni mambo yalikwenda kama maji. Kiti, maji, binti, karibu, keti, kula, vyote vilimwingia. Alivikariri kwa sauti huku akigawa nywele, nasi tukarudi nyumbani na mistari yetu kichwani na Kiingereza juu yake.

Wakafika kwenye vile vitenzi vinavyofuatwa na vineno vidogo nyuma.

"'Look' ni nini?" Mwalimu aliuliza.

"Kutazama."

"Vizuri. Sasa, 'look after' ni kutunza. 'Look for' ni kutafuta. 'Look up to' ni kumheshimu mtu. 'Look down on' ni kumdharau. 'Look forward to' ni kusubiri kwa hamu."

Mikono ya Mama Chanuo ikasimama. "Mwalimu. Jicho ni lile lile moja?"

"Lile lile."

"Na hivyo vineno vya nyuma ndivyo vinavyolivuruga?"

"Ndivyo."

"Basi hao watu hawaaminiani. Neno moja linatembea na walinzi wawili!"

Mwalimu akacheka. "Na sisi je? Unapiga pasi, unapiga simu, unapiga picha, unapiga chafya, unapiga magoti. Nani kaumia?"

"Hiyo ni tofauti," alisema Mama Chanuo. "Hiyo inaeleweka."

Kimoja tu hakikuhitaji marudio: 'put up with', yaani kuvumilia. Kila mwanamke pale benchini alikuwa na mfano wake nyumbani. Muuza vitambaa wa jirani alijifunza kusema kwa Kiingereza "namvumilia mume wangu", akayasema mpaka mume akauliza ni sala gani hiyo. Lakini Mwalimu alituonya. Ukiiondoa ile 'with', ukamweka mtu katikati, ukasema 'put you up', maana inageuka: sasa unampa mtu malazi. Vivyo hivyo 'see off', kusindikiza, na 'get rid of', kutupilia mbali. "Msivichanganye," alisema. Mama Chanuo akamjibu kwamba yeye si mtoto.

Siku ya kuwasili tulijaa benchini, ingawa hakuna hata mmoja aliyekuja kusukwa. Mwalimu peke yake hakuwepo, alikuwa darasani. Binti akashuka kwenye teksi, akakumbatiwa, akaliliwa, kisha mama yake akamwamuru abaki nje na mizigo. "Leo sitaki mkalimani!"

Mkwe akaingia peke yake. Alikuwa pande la mtu, ilibidi ainame mlangoni, akasimama katikati ya chumba na mikono mbele kama mtu aliyeitwa mahakamani. Mama Chanuo akakohoa kusafisha koo. Alichokusudia kusema ni hiki: mwanangu, nimekusubiri kwa hamu tangu nilipoona picha ya harusi, nafurahi kukupa malazi kwa wiki mbili, kisha nitakusindikiza uwanja wa ndege.

Kilichotoka, kwa sauti kubwa na safi, ni hiki:

"My son, I look down on you since the wedding photo. I am happy to put up with you for two weeks. Then I will get rid of you at the airport."

Yaani: mwanangu, nakudharau tangu picha ya harusi, nafurahi kukuvumilia wiki mbili, kisha nitakutupilia mbali uwanja wa ndege.

Sisi tungejuaje? Tulisikia Kiingereza kirefu kisichokwama popote, tukapiga makofi. Muuza vitambaa alisimama kabisa. Mkwe akatutazama tulivyokuwa tukishangilia, akainamisha kichwa na kujibu polepole kwamba anashukuru, na kwamba ameelewa.

"Mmesikia?" Mama Chanuo alitugeukia, uso unang'aa. "Ameelewa!"

Kuanzia kesho yake mkwe yule akawa kitendawili. Aliamka kabla ya wote akafagia ua. Alitengeneza bomba la jikoni ambalo hakuna aliyemwambia linavuja. Akiambiwa aketi, alikaa kwenye ncha ya kiti kama mtu anayengoja sindano. Alikula tonge mbili tatu, akashukuru mara tano. Saluni ikifunguliwa, alikuja kuzoa nywele sakafuni na kutushikia nyuzi za rasta.

Mama Chanuo akaingiwa na wasiwasi, kisha hasira, na hasira ikamwangukia binti.

"Wewe mtoto, umemfanya nini mume wako?"

"Sijamfanya kitu, Mama."

"Mtu haketi! Jana nimemkuta anasugua sufuria safi. Huko kwenu unamtesa?"

"Mimi mwenyewe namshangaa. Nikimuuliza, anasema tu, 'Mama yako ni mkweli.'"

"Hilo ni kweli," alisema Mama Chanuo, akapoa kidogo.

Jumamosi Mwalimu akaja kusukwa. Kichwa kilikuwa kimefika nusu alipomsalimu mkwe, aliyekuwa amesimama na nyuzi zimemning'inia mabegani kama kamba za nguo, akamuuliza kwa Kiingereza anaishije na mama mkwe. Mkwe akatazama huku na huku, akamjibu kwa sauti ya chini. Nikaona shingo ya Mwalimu inageuka taratibu.

"Mama Chanuo, ulimwambia nini huyu siku ya kwanza?"

Mama Chanuo akafuta mikono, akanyoosha mgongo, akaikariri hotuba yote bila kudondosha neno.

Mwalimu alicheka bila sauti kwanza, mabega tu. Kisha sauti ikaja, akashika kioo asianguke. Alipopata pumzi akatutafsiria sentensi moja baada ya nyingine.

"Nimemwambia hivyo mkwe wangu?"

"Mkwe wako."

"Kwamba nitamtupa uwanja wa ndege?"

"Mbele ya mashahidi. Na wakakupigia makofi."

Mama Chanuo akajifunika uso kwa taulo. Kumtukana mkwe! Tena anapofika tu, hata maji hajanywa! "Ardhi ipasuke nitumbukie," ilitoka sauti ndani ya taulo. "Mwambie..." Taulo likashuka. "La, usimwambie. Nitasema mwenyewe."

"Nakuomba," Mwalimu alimsihi, "vineno vya nyuma usiviguse."

Akamwendea mkwe. Alifikiri kwa muda, midomo ikijaribu hiki na kukiacha, mwisho akachagua maneno yasiyo na mlinzi yeyote. "I love you," alisema. Nakupenda. "Sit. Eat." Keti. Kula.

Mkwe akamgeukia Mwalimu, naye akamweleza kisa kizima. Kwanza alitoa macho. Kisha akacheka mpaka nyuzi zote zikamdondoka, akainama kumkumbatia mama mkwe, chanuo na taulo vyote ndani. Tena akasema, na Mwalimu akatutafsiria, kwamba siku ya harusi baba yake mzazi alimwambia makali zaidi, na yule alikusudia. Ndiyo maana hotuba ya Mama Chanuo hakuiona mbaya sana. Hapa angalau alipewa wiki mbili.

Binti akarudi kutoka sokoni, akatukuta tunafuta machozi. Aliuliza kuna nini, na kila aliyefungua mdomo alishindwa kufika mwisho.

Mchana ule mkwe alikula sahani mbili akaongezewa ya tatu, akajitupa kwenye kochi miguu ikining'inia nje, akakoroma waziwazi. Mwalimu ndiye aliyelipa. Alirudi kwake nusu ya kichwa kimesukwa, nusu kimesimama wima, maana msusi alikuwa jikoni na hakuna aliyethubutu kumwita.