Mkono wa Nguzo ya Kati

Mjomba wangu Mhina alikuwa fundi wa nyumba, na jina lake lilitokana na nguzo moja tu. Hapa kwetu Makuyuni mtu akijenga msonge, nguzo ya kati husimikwa kwanza, na mwenye nyumba haisimiki mwenyewe. Anatafuta mtu mwenye mkono mzuri. Huyo anachimba shimo, anatia majivu kwa ajili ya mchwa, anainua nguzo na kuishikilia mpaka udongo ukae, kisha anaondoka na jogoo wake. Fito, udongo na nyasi mtamalizia wenyewe. Lakini nyumba ikianguka kabla paa lake la kwanza halijaoza, aliyesimika nguzo anarudi kuijenga, kwa miti yake na jasho lake, na jogoo hapewi tena.

Mkono wa mjomba ulikuwa haujaangusha nyumba hata moja, ndiyo maana kila mtu alimtaka. Na yeye alipenda kuitwa. Nimemwona mara nyingi akiacha ugali upoe kwa sababu mtu amepiga hodi na jogoo kwapani. Mama yangu, Hajira, ambaye ni dada yake mkubwa, alikuwa akimwambia, "Mhina, jifunze kusema mgongo unakuuma."

"Hauniumi, dada. Niseme uongo?"

"Sema. Wenzako wanasema."

Yeye alicheka tu akaenda.

Miaka ile watu walikuwa wakishuka kujenga kando ya mto, huu mto wa Pangani ambao sisi tunauita Luvu. Hawakushuka kwa kupenda. Ardhi ya juu ilikuwa imeingia kwenye mkonge. Katika misimu miwili mjomba alisimika nguzo saba pale ukingoni, na ya saba ilikuwa ya mama. Nyumba ya mjomba mwenyewe ilikuwa juu kidogo, mahali alipoachiwa na mjomba wake.

Ng'ambo ya mto kulikuwa na shamba la mkonge la Mzungu mmoja. Mwaka mmoja kabla ya mafuriko, waliinua tuta la udongo kufuata mto ili maji yasiingie shambani. Tuliliona likipanda siku hadi siku. Wanaume wa kwetu wenyewe walibeba udongo wake. Hakuna aliyeuliza maji yatakwenda wapi.

Masika yalipofika tulijua. Maji yalikuja asubuhi, polepole, yakaingia nyumba hadi nyumba. Mchana udongo wa kuta ulikuwa uji. Jioni misonge yote saba ilikuwa imelala, mingine imekwenda na mto pamoja na mitungi na mahindi ya mbegu. Mtu hakufa. Mkonge wa ng'ambo ulibaki umesimama mkavu.

Nyumba ya mjomba nayo ilibaki, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Familia saba zilipanda kwenye uwanja wake, zikatandika mikeka, zikakaa. Hawakumtukana. Walimtazama.

Siku ya tatu akaja mkuu wa kijiji, jumbe wetu Mwinjuma. Watu wakamwamkia, akakalishwa kwenye kigoda. Salimu ndiye aliyeanza. Huyu alikuwa jirani wa ukingoni, rika moja na mjomba, walitahiriwa pamoja, na tangu hapo hawakuacha kuchokozana.

"Jumbe, sisi tunasema maji yametupwa huku na lile tuta," Salimu akasema. "Mwenye tuta atujengee."

"Umemwambia?"

"Nimwambie mimi? Wewe ndiye jumbe."

"Mimi nilimwambia mkubwa wangu, akida, jana. Akida alinijibu hivi: tuta ni la Bwana, mvua ni ya Mungu. Sasa ninyi niambieni, nguzo ni za nani?"

Mwanamke mmoja akageuza uso. Mjomba alikuwa amesimama kwenye kizingiti chake, akasema mwenyewe, "Ni zangu."

"Basi shauri lenu liko hapa hapa nyumbani," jumbe akasema. "Halina haja ya kwenda boma."

Salimu akamtazama mjomba. "Jogoo wangu alikuwa mnono, Mhina. Unakumbuka?"

"Alikuwa na kideri."

Watu wakacheka kidogo, hata mjomba. Lakini kicheko kilipokwisha walikuwa bado wamekaa pale pale.

Zamani angekwenda msituni na shoka, na watu wangemfuata kwa msaragambo, wote pamoja, na kwa wiki tano hivi nyumba saba zingesimama. Sasa msitu wa juu ulikuwa na askari. Kukata mti bila ruhusa kulikuwa viboko ishirini na vitano. Miti ya kujengea ilipatikana mahali pamoja tu, ghalani kwa yule yule mwenye tuta, na bei yake ilikuwa kipande.

Kipande ni karatasi ngumu yenye vyumba thelathini. Ukimaliza kazi uliyopimiwa, nyapara anatia alama kwenye chumba kimoja. Usipomaliza, siku hiyo imepotea. Kila mwanamume alitakiwa awe nacho, na asiyekuwa nacho alipelekwa kwa nguvu kwenye kazi ya barabara. Mjomba peke yake alikuwa amesamehewa, kwa sababu alimjengea akida baraza. Wenzake walikuwa na vipande vyao vya kujaza, kwa hiyo msaragambo ulikufa kabla haujaanza.

Nilimsindikiza mama siku mjomba alipokwenda kuuliza miti. Nyapara aliitwa Paulo, Mshambaa wa milimani, mtu mpole aliyevaa koti hata juani.

"Mzigo wa miti ya nyumba moja, kipande kimoja," Paulo akasema. "Nyumba ngapi?"

"Saba."

"Vipande saba, mzee? Umeua mtu?"

"Nimesimika nguzo."

Paulo hakuelewa, na mjomba hakueleza. Paulo akaandika kipande cha kwanza. Mimi nilifundishwa herufi miezi minne na mama Rosina, mke wa mwalimu wa misheni ya Korogwe, mpaka marehemu baba alipokataa. Kwa hiyo mjomba alinipa ile karatasi nimsomee. Juu kulikuwa na jina lake. Chini waliandika kazi: *tuta*.

"Imeandikwa nini?"

"Tuta, mjomba. Utatengeneza tuta. Lile lililomomonyoka."

Mama akasimama njiani. "Rudisha hiyo karatasi."

"Nirudishe nijenge kwa mabua?"

"Mhina, unakwenda kuliinua tuta lile lile. Likisimama vizuri, maji yatakuja kwetu tena. Na nyumba zikianguka tena ni zako tena. Huoni?"

"Naona."

"Basi?"

"Basi nipe njia nyingine, dada, niifuate."

Mama alimtafutia njia mbili. Ya kwanza ilikuwa watu wahamie juu, kwenye kiwanja kilichokuwa kitupu karibu na njia ya mkonge. Paulo akasema Bwana hana neno, ila anayelala pale ni mtu wa kambi, na mtu wa kambi kipande chake hakiishi. Salimu hata hakusubiri mama amalize kueleza. "Makaburi yetu yako huku, muhogo uko huku. Nikalale kambini kama mtu wa kuletwa?" Na wengine walisema kama yeye.

Njia ya pili ilikuwa kukimbia. Mke wa mjomba alikuwa na ndugu huko Handeni, upande wa Mkata, mbali na mto. Siku moja mjomba alifunga mzigo. Salimu alipita, akauona mlangoni.

"Safari?"

"Nakwenda kuwaona shemeji zangu."

"Nenda salama. Dada yako tunaye hapa." Alisema kwa upole kabisa. Kwetu deni la mtu linashikwa na watoto wa dada yake. Watoto wa dada yake ni mimi na wadogo zangu wawili. Mjomba alinitazama, akaingia ndani na mzigo, na jembe lake likatoka.

Kuanzia hapo nilimwona akivuka mto kila asubuhi kwa mtumbwi. Kwanza tuta, ndipo miti. Alichimba udongo upande wa mkonge, akaubeba kwa karai, akaumwaga, akaushindilia kwa gogo. Hakujua kufanya kazi vibaya. Wengine walimwaga tu wakawahi kumaliza kipimo, yeye alishindilia kama anakandika nyumba ya mtu. Paulo alimsifu mbele ya watu. "Tazameni kipande cha tuta cha mzee Mhina. Hata tembo hapiti." Mjomba aliinamisha kichwa.

Jioni alivuka kurudi, akasimika. Kipande cha kwanza kilipojaa alijenga ya mjane mwenye watoto, cha pili nyumba ya Salimu. Salimu alimletea maji ya kunywa, akakaa kwenye gogo.

"Umekonda."

"Nakonda kwa ajili yako."

"Nguzo imeinama kushoto."

"Ni wewe umekaa upande."

Alipomaliza cha nne, kiangazi kilikuwa kimekwisha na mawingu yalianza kusimama milimani. Zilibaki nyumba tatu, na ya mama ikiwa mojawapo, kwa maana mjomba aliona aibu kuanza na ya kwao. Tulikuwa bado uwanjani kwake, chini ya kibanda cha nyasi.

Asubuhi moja mama alichukua nguzo ya zamani, ile iliyonasa kwenye matete siku ya mafuriko, akaiburuta mpaka ukingoni akaanza kuchimba. Wanawake wakaja kuangalia. Mwanamke hasimiki nguzo ya kati. Hamisa, mke wa Salimu, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Hajira, ikianguka utamshika nani?"

"Simshiki mtu."

"Hata ndugu yako?"

"Huyo hasa."

Aliinua peke yake. Niliposogea kumsaidia alinikataza, asije mkono wangu ukahesabiwa. Mjomba aliporudi jioni akaikuta imesimama, imepinda kidogo. Aliigusa, akataka kuinyoosha.

"Toa mkono," mama akasema.

Akautoa. Nadhani alitaka kulia. Hakulia.

Siku zilizofuata mama alifunga fito za kuokota kando ya mto na kukandika, sisi watoto tukimsaidia, lakini vuli haikusubiri. Ilianza na ngurumo za milimani, kisha mto ukabadilika rangi. Asubuhi ya pili Paulo alipiga kengele ya reli iliyoning'inizwa, watu wote wa vipande wakaitwa tutani. Mjomba alikuwa kwenye kipande cha tano, alama kumi na tisa. Mama alinichukua mpaka ukingo wa huku, tukasimama kwenye matope tukimwona mjomba ng'ambo, si mbali, sauti inafika.

Maji yalikuwa yamefika shingoni mwa tuta. Mahali pamoja palikuwa panavuja, papo hapo penye udongo wa wale waliomwaga bila kushindilia. Nyuma ya mjomba mkonge ulikuwa kama bahari ya visu. Upande wa mbele tulikuwa sisi.

"Mhina," mama akaita. "Maji yako mlangoni kwa Salimu."

Alitusikia. Aligeuka akaangalia nyumba zake nne. Karai lilikuwa mkononi, limejaa. Pale panapovuja hapakuhitaji jembe ili pakatike. Asingetia udongo tu, basi, maji yangeingia kwenye mkonge badala ya kwetu. Mama hakuita tena.

Paulo alisogea karibu naye. Hakumfokea. "Mzee, likikatika hili vipande vyote vinafutwa. Vile ulivyojaza na hiki. Bwana amesema. Na miti ya nyumba zile inarudi ghalani."

Mjomba akamwaga karai penye tundu. Akachukua gogo, akashindilia. Nililisikia lile gogo mpaka huku, puu, puu, kwa utaratibu, kama alivyozoea.

Tuta likasimama. Nyumba ya Salimu ilianguka kabla ya adhuhuri, ikafuata ya mjane. Mbili nyingine zilibaki zimeinama. Ya mama ilianguka nayo.

Maji yalipopungua tulishuka wote. Mama akaanza kuokota fito zake kwenye matope na kuzipanga, zilizovunjika huku, nzima huku. Hakuna aliyemjia, naye hakumtazama mtu. Mjomba alikuja akasimama karibu.

"Yako nani atakujengea, dada?"

"Hakuna," mama akasema, akaendelea kuokota.

Mjomba alimtazama. Sijawahi kumwona mtu akimwonea mwenzake wivu kwa nyumba iliyoanguka, ila siku ile nilimwona.

Nyuma yake Salimu alikuwa ameketi juu ya paa lake lililolala chini. Hakutania. "Mhina," akasema. "Nguzo."

Mjomba akaitika. Kesho yake alivuka kwenda kwa Paulo kuchukua vipande vingine viwili, akaniletea nimsomee. Nikamwambia kazi ni ile ile.

"Soma," akasema.

Nikasoma.