Sanduku la Katembo Lililovishwa Kitenge

Ukuta mmoja tu unatutenga mimi na Ya Katembo, nao ni mwembamba, kwa hiyo maisha yake mengi nimeyajua kwa masikio. Jioni akirudi kutoka kwenye karakana yake ya useremala hapa chini mtaani kwetu Luzira, anakotengeneza vitanda na milango, namsikia anavuta kiti, anakohoa mara moja, halafu gitaa linaanza. "Ya" ndivyo sisi tuliotoka Kongo tunavyomwita mkubwa wetu. Si ndugu yangu wa damu. Ni mtu wa Butembo kama mimi, na nilipomzaa Tresor ni yeye aliyeleta kitanda cha mtoto, kimepigwa randa mpaka kikawa laini kama sabuni.

Ana miaka arobaini na sita. Ni mwembamba, mpole, na mkono wake wa kulia una kovu la msumeno. Alipovuka mpaka alikuwa na gitaa mgongoni na mfuko mmoja wa nguo. Mfuko uliibwa njiani, gitaa likabaki. Kanisani kwetu amelipiga miaka kumi na miwili. Watu wengine wana shamba, wengine wana ukoo mkubwa. Yeye ana zile nyuzi sita na ile nafasi yake kando ya mimbari.

Ndiyo maana niliumia siku kamati ya kanisa ilipomwita baada ya ibada. Walimwambia kwa upole kwamba gitaa linakwaruza. Watoto wanalia, wazee wanaziba masikio. Wanafikiria kununua kinanda cha umeme, na gitaa lipumzike. Jumapili ya shukrani itakuja na wageni wa makanisa matatu. Apige siku hiyo, wasikie, halafu waamue.

Hakubishana. Alirudi nyumbani, na siku mbili ukuta ukanyamaza. Sikuuzoea ukuta ule ukiwa kimya. Siku ya tatu nikampelekea sahani ya sombe, majani ya muhogo, nikamkuta ameifungua ampli yake juu ya meza. Ampli ndiyo mashine inayopokea sauti ndogo ya gitaa na kuikuza. Yake ni ya zamani, aliipata kwa bendi ya hoteli iliyovunjika, na ndani ina taa za kioo ambazo yeye anaziita lampi. Zikiwashwa zinaiva polepole, rangi ya chungwa, kama makaa yanayopepewa. Tresor anazipenda kuliko televisheni.

"Mama Tresor, gitaa halijazeeka," aliniambia bila kuinua kichwa. "Lampi ndizo zimechoka. Sauti inapita kwenye koo bovu."

Alhamisi nilikuwa na safari ya Kikuubo, soko la jumla la mjini, kununua nyuzi na zipu za jumla, maana mimi ni mshonaji. Akasema twende wote, amesikia kuna mzee huko anayejua vitu hivyo. Zilikuwa zimebaki siku kumi kufika Jumapili ya shukrani.

Kikuubo kila mtu ana mzigo kichwani na hakuna anayekupisha. Nilimfunga Tresor mgongoni vizuri, tukapenya, tukapanda ngazi nyuma ya duka la masufuria, tukamkuta mzee Muhamadi. Yeye ni Mnubi, wa wale ambao babu zao waliletwa na jeshi kutoka Sudani zamani wakabaki. Kiswahili chake ni kifupi kama amri. Alikuwa amezungukwa na mikebe ya biskuti, na ndani ya kila mkebe lampi zimelala kwenye pamba kama mayai.

Ya Katembo alieleza shida yake. Mzee hakugusa mkebe hata mmoja. Aliuliza sanduku la spika ni la mbao gani. Ya Katembo akainamisha macho, akasema ni la mbao zile za maranda yaliyogandishwa kwa gundi, na nyuma amelifunga kabisa.

"Na kazi yako?"

"Seremala, mzee."

Mzee Muhamadi alicheka mpaka miwani ikamshuka. "Seremala. Watu wanalala kwenye mvule yako, spika yako inalala kwenye uji. Lampi ni koo, sanduku ni kifua. Ukimpa mtu koo zuri na kifua cha kuku, ataimba nini?"

"Vitanda vya watu vinalipwa, mzee," Ya Katembo akajibu, naye akaanza kucheka. Ilikuwa mara ya kwanza kuyaona meno yake tangu siku ya kamati.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mzee alichomeka lampi moja baada ya nyingine kwenye redio yake kuukuu iliyo wazi, akaigonga taratibu kwa penseli. Lampi nyingine ikigongwa, spika inalia kama kengele. Hiyo aliiweka kando, akasema inasikia kila kitu hata mguu wa panya, itampigia mluzi kanisani. Nyingine ikigongwa inatoa "tu" ndogo tu, basi, inanyamaza. Hiyo ndiyo nzuri. Kila kengele ilipolia Tresor alitupa miguu na kucheka mgongoni kwangu, mpaka mzee akawa anazigonga mbovu makusudi.

Alimpa kubwa mbili zilizofanana, akasema ni mapacha, zimezeeka pamoja, zisitenganishwe. Akampa na ndogo tatu za kujaribu mahali pa kwanza, pale sauti ya gitaa inapoingilia, moja kali, moja ya kati, moja mpole, kwa sababu ile ya kwanza ndiyo inayoamua tabia ya sauti yote. Kisha akamshika mkono akamwambia mambo mawili: asiwashe kamwe ampli bila kuunganisha spika, ataiunguza, na akizima, umeme bado umejificha ndani, asitie vidole kabla haujatolewa. Malipo yalikuwa rafu ya mbao kwa ajili ya ile mikebe. Walishikana mikono juu ya rafu ambayo bado haijazaliwa.

Siku zilizofuata nilizipenda, nakiri. Sauti ndani ya chumba humdanganya mpigaji, alisema, kwa hiyo akanifanya mimi sikio la upande wa pili. Akimaliza kupiga, mimi nagonga ukuta: mara moja ni mbaya, mara mbili ni nzuri. Nilikuwa nashona huku nagonga. Lampi kali, nikagonga moja. Ilikuwa ni ileile ya kukwaruza. Lampi mpole, nikasita, nikagonga moja. Ilikuwa tamu lakini ina usingizi. Ya kati, nikaacha mkono juu ya cherehani, nikasikiliza tena, nikagonga mbili. Nikamsikia anacheka peke yake.

Halafu akaunda masanduku ya spika. La kwanza la mvule lilikuwa zito, sauti ikawa nzito vilevile, kama mchungaji mwenye mafua. La pili la msonobari, mbao nyepesi, amelifunga nyuma kote: sauti inapiga kifuani lakini haitoki. Nikagonga moja. Siku ya nne akaondoa ubao wa nyuma nusu, akaacha uwazi. Alipopiga mara hii sikuisikia sauti ikitoka mahali pamoja. Ilitembea. Ilizunguka chumbani kwake, ikapita juu ya ukuta, ikafika hadi kwenye kitanda cha Tresor, na mtoto akageuza kichwa kuitafuta. Nyuzi nyembamba zilikuwa zinametameta, nene zilikuwa zinapumua. Niligonga mara mbili, nikagonga tena mara mbili, mpaka chokaa ikadondoka.

Sasa, wiki hiyohiyo Mama Julienne, kiongozi wa akina mama, aliniletea kitenge cha sherehe. Kwetu siku kubwa haina kitu kinachosimama uchi. Mimbari inavaa, viti vya wageni vinavaa, vyungu vya maua vinavaa, ngoma zinavaa, vyote kitenge kimoja na akina mama. Kitenge kilikuwa cha bluu na ndege wa manjano. Aliniagiza nishone mavazi ya vyote, na la sanduku jipya la Katembo pia, mbele na nyuma, maana mbao nyeupe ile na tundu la nyuma vitamwaibisha mbele ya wageni. Nililipima sanduku wakati Ya Katembo yuko kazini. Ili nguo isimame vizuri bila mikunjo nikaongeza jambo langu mwenyewe: nikaweka sponji ndani, ile ya makochi, unene wa kidole. Vazi lilitoka zuri. Nililitazama kwa fahari.

Jumamosi asubuhi sanduku lilikwenda kanisani kwa bodaboda, ampli ikafuata kwenye magoti ya Ya Katembo. Aliviacha akaenda kumalizia mlango wa mtu. Alipokuja mchana kwa mazoezi, sisi akina mama tulikuwa tumeshavisha kila kitu. Aliliona sanduku lake limekuwa bluu lenye ndege, akashukuru. Nani anakataa kitenge cha akina mama?

Akawasha, akangoja lampi ziive, akapiga.

Sauti ilitoka kama ya mtu aliyelala ndani ya gunia. Alirekebisha vitufe. Gunia. Alipiga nyuzi nyembamba zile za kumetameta, zikadondoka hapohapo miguuni pake. Katibu wa kamati alikuwa ameketi nyuma, mikono kifuani, akatazama dari. Mama Julienne alikuwa anapanga maua, mikono yake ikapunguza mwendo.

Ya Katembo alisema ni bodaboda, lampi zimetikisika. Alizima, akatoa umeme uliojificha kama alivyofundishwa, akatoa soksi aliyohifadhia lampi za akiba, akabadilisha. Akaweka mpole, ikawa mbaya zaidi. Akaweka ile kali, na hata kali ilikuwa kama inaongea kupitia mto. Akafunga kifuniko mara ya tatu.

"Labda kamati wana haki," alisema taratibu, akinitazama mimi. "Labda ni vidole vyangu."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya sanduku. Sijui kwa nini nilinyoosha mkono. Alipogusa uzi mmoja kujaribu, nilihisi kitenge kinatikisika kwenye kiganja changu, kitu kinasukuma kutoka ndani, kinasukuma kama mtoto tumboni. Sauti ilikuwepo. Ilikuwa imefika mpaka kwenye sponji yangu ikaishia hapo. Na lile tundu la nyuma, tundu tulilolihangaikia siku nne, nilikuwa nimelishona kwa mkono wangu mishono miwili miwili.

Nikajua pia nikisema, nitasema mbele ya Mama Julienne kwamba vazi lake ndilo linaloua gitaa. Mama Julienne amenipa kazi tangu nifike mjini hapa. Lakini alikuwa ameagiza kitenge tu.

"Mama Julienne, nisamehe," nikasema. "Kosa ni langu. Hukuniambia niweke sponji. Niliiweka mwenyewe ili lipendeze. Nimeziba pua na mdomo wa sanduku."

Mama Julienne aliweka maua chini, akaja, akabonyeza kitenge kwa kidole, kidole kikazama.

"Mama Tresor, hili ni sanduku au godoro?"

Katibu akakohoa ili asicheke. Nilikuwa tayari na wembe wangu wa kufumulia. Nilifumua nyuma yote, nikatoa sponji, kitenge kikabaki pembeni na juu tu. Lakini mbele, hata bila sponji, kitambaa chenyewe ni kizito cha nta, na bila hicho spika ingebaki wazi na karatasi yake kuukuu, mbele ya wageni wa makanisa matatu.

"Uchi siwezi kuliacha," alisema Mama Julienne. Alifikiri kidogo, kisha akajivua shela aliyokuwa amefunga kichwani, ile ya neti nyeupe ya harusi ya binti yake, ukipuliza pumzi inapita. "Kata kitenge hapa katikati, weka hii. Haraka, kabla sijabadili moyo."

Sikuikata shela. Nilitoboa dirisha kwenye kitenge, nikaikunja neti mara moja na kuishikiza pembeni kwa sindano ya mkono, ndege wa manjano wakawa fremu. Ya Katembo akarudisha lampi ya kati. Tulingoja ziive, na mimi nilikuwa nahesabu pumzi za Tresor mgongoni.

Aligusa uzi mwembamba. Ukapanda mpaka kwenye mabati, ukarudi, ukatuzunguka. Sikungoja aniulize. Niligonga ubao wa sanduku mara mbili. Yeye akafumba macho akaingia kwenye sebene, ile sehemu ya haraka ya wimbo ambayo miguu haikuombi ruhusa, na Mama Julienne, kichwa wazi, chombo cha maua mkononi, akaanza kusogea pembeni mwa mimbari akidai anatafuta mahali pa kukiweka.

Jumapili watu walikaa mpaka nje. Watoto hawakulia, walikuja mbele kutazama lampi. Kwenye wimbo wa matoleo wageni waliomba urudiwe, ukarudiwa mara tatu, na katibu alionekana na jamii yote akipunga leso. Baada ya ibada alimjia Ya Katembo akasema jambo moja tu, kwamba kamati imeona kinanda kitasubiri. Ya Katembo akajibu asante, akaendelea kukunja waya, lakini aliukunja ule waya mmoja mara nne.

Nilipotoka na mtoto nilimkuta mzee Muhamadi amekaa kwenye benchi chini ya dirisha, kanzu safi, kofia magotini. Alikuwa ametoka Kikuubo kuja kusikia, na hakuingia. Nikamkaribisha chakula, akakataa kwa heshima. Akaniuliza ni lampi ipi iliyokaa mahali pa kwanza. Nikamwambia ni ile ya kati.

Aliitikia kwa kichwa, akatoa penseli mfukoni, akamwachia Tresor aishike.

"Ile ilikuwa kwenye redio ya baba yangu," akasema. "Nilikuwa sijaisikia ikiimba tangu afariki. Mwambie fundi, ile rafu asiifanye kwa haraka. Leo nimeshalipwa."