Titi Lisilojua Moto

Sponji lile lilikuwa kaidi kuliko mbuzi anayepelekwa mnadani. Asubuhi Bi Haraka alilipanga ndani ya sidiria, upande wa kushoto, pale ambapo titi lake lilikuwa limeondolewa kwa sababu ya saratani. Akajitazama kiooni, akaridhika. Akifika saluni na kuinua mikono kusuka kichwa cha kwanza, sponji nalo likaanza safari yake kwenda juu. Ikifika saa ya kula lilikuwa limejikalia chini ya shingo kama tezi. Mteja akigeuka kuuliza jambo, macho yakamganda hapo, na Bi Haraka akajua. Akalisukuma chini kwa kiwiko, kama anayefukuza kuku jikoni, akaendelea kusuka.

Bi Haraka hakuwa msusi wa kusimama. Wasusi wa siku hizi husimama nyuma ya kiti kama walinzi wa benki. Yeye alikaa kwenye kiti, mteja akakaa chini kwenye kigoda, katikati ya magoti yake, kichwa kikaegemea kifuani. Ndivyo alivyosuka tangu ujana, na kifua kile ndicho kilichomletea wateja. Akivuta nywele kupita kiasi, shingo ya mteja hukaza, na kifua hupata habari kabla mwenye shingo hajafungua mdomo. Hapo hapo vidole vinalegea. Kwa hiyo watu walisema, nendeni kwa Bi Haraka, yule hasuki kwa mateso. Wengine walilala fofofo mpaka mate yakawatoka, na yeye hakukasirika hata mara moja.

Titi lilipoondoka, kichwa cha mteja kikawa kinaangukia mbavu. Mfupa kwa mfupa. Wateja wakaanza kujiinua, wakakaa wima kwa heshima kama wako kanisani. Heshima hiyo ndiyo iliyomchoma Bi Haraka kuliko kisu cha hospitali. Mtu aliyekaza mgongo kwa kukuonea huruma husuki nywele zake, unasuka huruma. Akaamua titi litengenezwe upya, arudi kwenye kiti chake akiwa mzima.

"Kwa umri huu?" wifi yake alimuuliza. Huyu ni dada wa mumewe, mwanamke anayeingia nyumba za watu bila hodi na kutoka na maneno. "Watoto wameshaolewa, nywele zimeshaingia mvi. Unamtengenezea nani?"

"Namtengenezea mwalimu," alisema Bi Haraka. "Yule mteja wangu wa kila mwezi. Analalamika mto umeisha pamba."

"Mimi naongea mambo ya maana, wewe unaleta mzaha."

"Na mimi naongea ya maana, wifi. Wewe ndiye hujawahi kusukwa ukatulia."

Mumewe, fundi wa kupaka rangi nyumba, alipoulizwa alisema, "Mimi sina neno." Alisema hivyo saratani ilipogunduliwa, akasema hivyo walipokata, na sasa anarudia. Bi Haraka alimtazama hadi bwana yule akainuka kwenda kuosha brashi zilizokwisha kuwa safi. Mtu asiye na neno ni sawa na kiti kibovu: kipo, lakini ole wako ukikikalia.

Daktari wa upasuaji alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kuchora kila anachosema. Alichora kifua, akachora njia za kulijenga titi upya. Mfuko wa silikoni wa kupandikiza hakuupendekeza, kwa sababu ngozi ile ilikuwa imepigwa mionzi ya kutibu saratani na isingeuvumilia. Angeweza kuchukua nyama na msuli wa mgongoni, chini ya bega. Au angeweza kuchukua nyama na mafuta ya tumbo, kazi ndefu zaidi na maumivu ya kupona ni mengi zaidi.

"Huo msuli wa mgongoni una kazi gani?" Bi Haraka aliuliza.

"Unasaidia kuvuta mkono na kuushusha. Watu wengi wanaishi vizuri bila huo."

"Watu wengi hawashindi mikono juu, daktari." Akainua mikono, akasuka hewa mbele ya pua yake, vidole vikikimbia. "Chukua tumbo. Hilo limekaa bure tangu nilipomzaa kitinda mimba."

Daktari akacheka, kisha akaweka kalamu chini. Akasema kuna jambo moja lazima waelewane. Titi jipya litakuwa na umbo, litakuwa na joto la mwili, lakini ngozi yake itakuwa na ganzi. Haitahisi kuguswa. Pengine hisia zitarudi kidogo baada ya muda mrefu, pengine zisirudi.

Bi Haraka alimwona mumewe akitazama sakafu, masikio yamewaka. Akadhani anaelewa daktari anaelekea wapi, akaona aibu. "Hayo ni ya vijana, daktari," alisema. "Tupite. Niambie lini nitarudi kazini."

Wakapita. Haraka ile ile iliyompa Bi Haraka jina.

Alipoamka baada ya upasuaji alikuwa amekunjwa kama kisu cha mfukoni. Tumbo lilishonwa kutoka nyonga hadi nyonga, likakataa kabisa kunyooka. Mirija ilitoka ubavuni na vichupa vyake vya kukusanya maji na damu, ikamfuata hadi msalani. Nyumbani alitembea ameinama, kama mtu aliyedondosha sindano na kuapa kuipata. Aliagizwa asinyanyue ndoo, asifagie, asinyooshe mkono kufikia rafu. Vikombe viliwekwa rafu ya juu, na nani aliviweka huko kama si wifi, aliyehamia kuja "kumsaidia" na kuanza kwa kupanga upya jiko zima.

Wifi alijua kuuguza, hakuna anayebisha. Alijua pia kutangaza. Kila mgeni aliyeingia alikuta habari zote zimeshamtangulia mlangoni, na mmoja alithubutu kusema, "Hebu tuone."

"Leo tumefunga," Bi Haraka alimjibu. "Maonyesho yaliisha jana."

Lililomuumiza zaidi ni kichwa chake mwenyewe. Msusi mzima, nywele zimemsokotana kama katani ya magunia, na mikono haiendi juu ya bega. Wifi akashika kitana na kuanzia kwenye mizizi badala ya ncha, akang'oa kama anayepalilia shamba. Bi Haraka akafunga macho, machozi yakamtoka, na watu wakadhani ni tumbo.

Aliyemletea habari za saluni ni mwenzake wa kazi, mwanamke waliyempa jina la Kimya kwa sababu hajawahi kunyamaza. "Mwalimu alikuja," alisema, amekaa ukingoni mwa kitanda. "Nikamsuka mimi. Analalama namvuta. Nikamwambia vumilia, uzuri una gharama. Akasema kwa Bi Haraka haukuwa na gharama. Sasa mimi nifanyeje, nikate mikono yako nivae?"

"Usiikate. Nimeilinda kwa tumbo zima."

Miezi ikasogea. Mirija ikatolewa, tumbo likanyooka kidogo kidogo, na titi likakaa mahali pake, la duara, bila chuchu, na mshono kulizunguka. Mbele ya kioo lilimpendeza. Daktari aliporuhusu kazi nyepesi, siku ya pili yake Bi Haraka alikuwa kitini, na mwalimu kwenye kigoda.

Mwalimu akaegemeza kichwa. Bi Haraka akasubiri. Aliona kile kichwa kimelala pale kwa macho yake mawili, lakini kifuani hakuna habari. Ni kama jirani ameegemea ukuta wa nje, na wewe umo ndani unapika. Akaanza kusuka. Mikono ilikwenda juu bila shida, vidole havikusahau kitu, na hilo lilimpa moyo. Halafu mwalimu akasema kwa sauti ndogo, "Taratibu, dada."

Tangu aanze kazi hiyo hakuwahi kuambiwa neno hilo. Akalegeza. Baada ya muda akaambiwa tena.

Walipomaliza, Kimya akaleta beseni la maji yaliyotoka kuchemka. Rasta za nywele bandia huchovywa ncha kwenye maji hayo ili zisifumuke. Kimya akachovya, akakamua kwa taulo juu juu huku anasimulia ugomvi wa wapangaji wake, akazirudisha zote mgongoni kwa mwalimu, juu ya taulo nene la mabegani, zikifuka mvuke. Mwalimu akarudi nyuma, akaegemea. Bi Haraka akachukua mkasi, akaanza kupunguza vinywele vilivyochomoza, na wote watatu wakacheka wapangaji mpaka Kimya akakosa pumzi.

Jioni, akivua blauzi bafuni, kitambaa kilikataa kuachia. Akavuta. Kilitoka na ngozi. Titi lilikuwa limejaa malengelenge, mengine yameshapasuka, na nyama yake nyekundu inatoa majimaji. Alisimama akilitazama, akisubiri maumivu. Hayakuja. Akabonyeza pembeni kwa kidole. Kidole kilihisi titi, titi halikuhisi kidole. Akakaa juu ya ndoo, akamwita wifi.

"Tulisema," wifi aliitikia, hata kabla hajafika mlangoni.

"Mlisema mengi, wifi. Hili hamkulisema."

Hospitalini daktari alisafisha kidonda, naye Bi Haraka akakaa anatazama kinavyosafishwa kama ni cha mtu mwingine. "Nilikwambia kuhusu ganzi," daktari alisema, bila ukali.

"Uliniambia ganzi. Mimi nikadhani unaongelea kitanda. Sikufikiria beseni."

"Nilitaka kuendelea, ukanikatisha."

Hilo lilikuwa kweli. Kilichompandisha hasira ni kwamba hakuwa na wa kumkasirikia. Alijihesabia mwenyewe: tumbo alilitoa ili mikono ibaki, mikono ikabaki, na kumbe mikono haikuwa kazi yote. Nusu ya usukaji ilikuwa kifuani, na hiyo haitengenezwi na daktari yeyote. Akarudi nyumbani, akamkuta wifi na rafu zake za juu.

Kidonda kilipona, kikaacha baka jeusi. Siku ya uchunguzi daktari akachora tena. Sasa, alisema, wangeweza kumalizia: kutengeneza chuchu, kusawazisha umbo lilingane na la kulia, na kuliondoa lile baka. Si upasuaji mkubwa. Lakini mikono itapumzika tena kwa muda.

Wifi, aliyekuja mpaka chumba cha daktari bila kualikwa, alidakia. "Malizia, wifi yangu. Nyumba haiachwi bila mlango. Maji ukishayavulia nguo, yaoge."

Bi Haraka akamgeukia polepole. "Wewe si ndiye ulisema namtengenezea nani?"

"Hayo ya zamani. Sasa limeshatengenezwa, liwe la maana."

Akamtazama mumewe, akijua jibu. Fundi rangi akakohoa, akazungusha kofia mikononi. "Mimi naogopa," alisema. "Kila ukiingia mle ndani mimi nakaa nje nahesabu vigae. Hilo ndilo neno langu. Lakini ukitaka, nitakaa tena."

Ilikuwa mara ya kwanza bwana yule kutoa neno, na lilitoka likiwa zima. Bi Haraka akamwambia daktari, "Asante. Libaki hivi hivi. Halina macho, halihitaji urembo. Mimi nina vichwa vya watu vinanisubiri."

Wifi alisonya njia nzima.

Siku hizi kigoda kimesogezwa. Mteja anakaa ubavu wa kulia, anaegemea titi lililo hai, na mkono wa kushoto unavuka mbali kufikia upande wa pili, bega linauma kufika jioni. Beseni la maji ya moto limepigwa marufuku karibu na kiti. Kimya anachovyea mteja kule mlangoni, anakamua, anasubiri zipoe, na kwa kuwa anasubiri, anaongea zaidi. Kusuka kumekuwa kazi ya polepole. Na kuna neno ambalo Bi Haraka amelazimika kujifunza, analichukia kama dawa chungu, kwa sababu kwake msusi anayeuliza ni sawa na mpishi anayeonjesha wageni chumvi.

"Nakuvuta?" alimuuliza mwalimu mwezi huu, akishughulikia upande wa mbali, ule ambao kifua hakifikishi habari.

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani? Sema, usinionee huruma."

"Basi unanivuta, dada. Sana."

Bi Haraka akasonya, akafumua mistari yote aliyokwisha suka upande ule, akaanza upya.