Mama Difu na gari la mwanawe

Saa mbili asubuhi, mama wa makamo amepiga magoti kwenye sakafu ya gereji, anapaka rangi ya manjano kwenye meno ya gia kwa brashi ndogo. Anapaka bila haraka, jino baada ya jino, kama anayempaka mtoto dawa ya upele. Kisha anaishika gia kwa mikono miwili, anaizungusha mbele, anairudisha nyuma, anainama kutazama mahali rangi ilipofutika.

"Bado," anasema, na kuanza kufungua nati upya.

Mtaani anaitwa Mama Difu. Kazi yake ni moja: lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, linalopokea nguvu ya injini na kuigawa kwa magurudumu mawili. Injini hagusi. Ukimletea gari linalotoa moshi atakuelekeza mlango wa pili, kwa mwanawe wa kwanza, ambaye naye habari za difu hataki kuzisikia.

"Huyo ndiye anayenitafutia wateja," anasema bila kucheka. "Yeye anaongeza nguvu mbele, vyuma vya nyuma vinakatika, wenye magari wanakuja kwangu."

Kazi aliirithi kwa marehemu mumewe, aliyemtumia miaka mingi kumshikia tochi. Mume alipofariki, wateja walikuwa wakiingia, wakichungulia nyuma ya bega lake na kuuliza fundi yuko wapi. Alikuwa akiwajibu kwamba fundi ndiye huyo wanayemkanyagia spana. Siku hizi wiki nzuri hufunga difu tatu, wiki mbaya hufagia gereji.

Gari lililo juu ya stendi leo ni la mwanawe. Kwa nje ni gari dogo la kijivu lisilo na makuu, lenye kiti cha mtoto nyuma. Chini ya boneti kuna injini ya turbo yenye nguvu karibu mara tatu ya ile ya kiwandani. Ndilo tangazo lake la biashara. Mteja akilipanda mara moja, anamwachia funguo za gari lake palepale.

Miezi kadhaa iliyopita kijana alitaka magurudumu yote mawili yashike lami kwa pamoja anapoondoka. Alijua akimwambia mama atapewa hotuba. Basi siku mama alipokwenda msibani, akaifungua difu mwenyewe na kuzichomelea gia ndogo za ndani zikawa kitu kimoja. Ni njia ya mkato ambayo mafundi wengi wa magari ya kasi wanaijua, na wengi wao huikana wakiulizwa.

Mama Difu anaeleza ubaya wake kwa vidole viwili vinavyotembea juu ya meza. "Kwenye kona, gurudumu la nje linakwenda njia ndefu kuliko la ndani. Difu inamruhusu kila mmoja aende mwendo wake. Ukiichomelea, umewafunga kamba miguuni."

Kamba ilikatikia kwenye mzunguko wa barabara. Shafti ya kulia, chuma kinachozungusha gurudumu, ilivunjika, gurudumu likachomoka, likavuka barabara peke yake na kugonga geti la duka la vifaa vya ujenzi. Mjukuu alikuwa nyuma, kwenye kile kiti chake. Hakupata hata mchubuko, na inasemekana alipiga makofi. Mama yake, mkwe wa Mama Difu, hakupiga makofi. Tangu siku hiyo mkwe na mtoto wanakwenda kwa miguu, na Mama Difu naye akawa hamsemeshi mwanawe isipokuwa kwa shughuli za kazi.

Ndipo kijana alipokuja, akasimama mlangoni kama mteja mgeni, akakiri kosa, akamwomba mama afunge anachoona kinafaa. Mama alikubali kwa sharti moja. Difu mpya ikilia barabarani, hata kidogo, injini ya zamani inarudi. Kijana akakubali. Jina lote alilojijengea sasa linategemea gia kunyamaza.

Mama hakufanya kazi ya kubahatisha. Alichukua ekseli nzima ya pikapu, akaikata na kuifupisha ilingane na gari. Akaweka shafti nene, na kila gurudumu akalishikilia kwa sahani ya chuma na bolti, ili hata shafti ikikatika gurudumu lisitoke. Ndani akafunga difu yenye vibamba vya msuguano: kwenye kona inaachia, gurudumu moja likiteleza inakaza yote mawili.

Kilichobaki ni kupanga gia. Ile kubwa na ile ndogo zinatakiwa kukutana katikati ya jino, na nafasi kati yao hupangwa kwa washa, vile vipete vya chuma, nyembamba kama karatasi. Washa moja isiyo yake, difu inalia njia nzima. Anayejua sababu ni aliyeifunga.

"Nitakwambia ukweli," anamwambia mwandishi, akifuta rangi vidoleni. "Jana nilishika washa isiyo yake. Nikasema, nikiiweka hii gari litalia, injini itatolewa, nami nitalala usingizi. Nikaiweka. Nikafunga kila kitu, nikaenda kunywa chai. Chai niliiacha mezani. Ndiyo maana leo unaniona nafungua tena."

Alasiri rangi inafutika katikati ya meno, na gari linashushwa. Katika majaribio Mama Difu hukaa nyuma, juu ya ekseli yenyewe, kiganja kikiwa sakafuni. Redio marufuku, maongezi marufuku. Anakiondoa kiti cha mtoto, anaketi mahali pake, anafumba macho.

Mwanawe anaendesha huku jicho moja likiwa kwenye kioo, likisoma uso wa mama. Anaambiwa atazame mbele. Gari linapanda mwendo, linapunguza, linakata kona, linapanda tena. Kinachosikika ni matairi na upepo.

"Imenyamaza," anasema mama.

Kijana anaegesha kando na kulaza paji la uso kwenye usukani. Mabega yanamtikisika. Mama anamwacha kwanza, kisha anamwambia ajifute, warudi, mkewe anangoja.

Gerejini, mkwe hamuulizi mumewe kitu. Anamuuliza mama kama mtoto anaweza kupanda. Mama Difu anakirudisha kiti mwenyewe, anavuta mikanda yake hadi gari zima linayumba, ndipo anaitikia kwa kichwa.

Jioni, akikusanya spana, anaeleza mipango yake. Anataka wavunje ukuta unaotenganisha gereji mbili, ili kila kinachofungwa mbele akione kabla hakijavunja cha nyuma. Hadi hapo kijana ana agizo. Gia mpya huzoeana taratibu, kwa hiyo aende polepole, kisha oili ibadilishwe, ndipo akimbie akipenda. Kitabu cha difu kinasema kilomita mia nane. Mwanawe ameambiwa elfu tatu.

"Hilo usiandike," anasema. Anafunga boksi la spana, anatazama barabara gari lilikopita. "Au andika. Difu nimemfungia ya kweli. Hizo kilomita atanisamehe."