Na Droo Ikiwa Tupu?

Wifi yangu, mke wa kaka, tulimbandika jina la Ikiwa Tupu, na aliyeanza ni mimi. Ukimtuma dukani anauliza, "Na wakiwa hawana?" Ukimwambia mgeni yuko njiani, "Na asipofika?" Ukimwambia chai iko kwenye chupa, "Na ikiwa tupu?" Kazi yake ni kuandika programu za kompyuta, nami niliona analeta ukorofi wa ofisini mezani kwetu. Alinichosha, nasema kweli.

Ofisi yao ilipopewa kazi ya kutengeneza programu ya zahanati ya mtaani, ndiyo kabisa. Alinieleza huku tunamenya viazi. Taarifa za mgonjwa hukaa pamoja kama droo za kabati: jina, umri, dawa zinazomdhuru. Droo nyingine huwa tupu kwa sababu hakuna aliyeuliza. Wenzake walizoea kuandika "hapana" palipo patupu, ili skrini ipendeze. Yeye akatengeneza kiolezo, kipande kidogo cha programu. Unakipa kabati lolote, kinakurudishia lilelile, ila kila droo inayoweza kuwa tupu imetiwa alama, na kompyuta inagoma mpaka mwandishi wa programu aseme ifanyweje ikiwa tupu kweli. Kwa droo ya dawa, yeye aliandika: muuguzi azuiwe mpaka aulize.

"Sasa kila mtu ofisini kaninunia," alisema. "Bosi anasema nachelewesha kazi."

"Na mimi niko upande wa bosi," nikamjibu, na bosi mwenyewe simjui hata kwa sura.

Programu ikaanza kutumika hivyohivyo, na kiolezo chake ndani. Siku si nyingi mama akashikwa na homa ya mapafu. Nilimfikisha zahanati hajitambui, nami roho juu, hata jina langu ungeniuliza mara mbili. Daktari akaagiza penisilini. Muuguzi akaja na sindano, akatazama skrini, akasita.

"Dada, hapa inasema mama hajaulizwa kama kuna dawa inayomdhuru. Imekataa kuniruhusu niendelee. Ipo?"

Ndipo akili iliponirudia. Mimi ndiye mtoto wake, najua, lakini bila kuulizwa nisingefungua mdomo.

"Hiyohiyo penisilini!" nikapiga kelele. "Ilimvimbisha koo zamani, nusura tumpoteze!"

Sindano ikarudi kwenye sinia. Daktari akabadilisha dawa. Jioni mama alifumbua macho akaanza kulalamika kwamba mto ni mgumu, na sijawahi kufurahia lalamiko kama lile. Nilicheka peke yangu, nikakaa sakafuni palepale kando ya kitanda.

Nikampigia wifi. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya shukrani, yote yakanitoka kichwani.

"Wifi," nikasema, "ilikuwa tupu."

Akajibu kwa sauti ndogo, "Wakauliza?"

"Wakauliza."

Nikamsikia anavuta kamasi, nami nikaanza kulia, na mama kule juu kitandani anataka kujua nani kafa.